Aikoni za Linux: Kuweka, na Kuondoa Bila Kubomoa

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja mapema. Kabla hatujaanza, naomba kila mwenye kompyuta afungue programu ya mafaili, aingie kwenye folda yake ya nyumbani, kisha abonyeze Ctrl na H kwa pamoja. Mmeona? Zimejitokeza folda ambazo dakika moja iliyopita hazikuonekana, na majina yake yote yanaanza na nukta. Zilikuwapo siku zote, zimefichwa tu. Kazi yetu ya leo inaanzia humo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kubadilisha mandhari ya aikoni kwenye Linux. Wengi wenu mmeshajaribu, na kuweka hakujawashinda. Shida huja siku ya kuondoa, maana mtu hakumbuki aliweka wapi wala alipitia njia gani, basi anaanza kufuta kwa kubahatisha. Kwa hiyo nitaeleza kuweka, lakini moyo wangu uko kwenye kuondoa.

Mandhari ya aikoni ni folda. Basi. Hakuna programu inayojiendesha ndani yake. Kuna picha, nyingi zikiwa za SVG au PNG, zimepangwa kwa ukubwa na kwa matumizi, na kuna faili moja la maandishi liitwalo index.theme. Faili hilo ndilo linaloifanya folda ya picha itambulike kuwa mandhari. Hili hapa ukutani ni la Papirus, mojawapo ya mandhari za aikoni. Tazameni mstari huu ulioandikwa Inherits. Maana yake ni kurithi, na mwisho wa mstari pameandikwa hicolor.

Hapa nataka tukae kidogo. Programu inapotaka picha ya folda haisemi "nipe picha ile ya buluu". Inataja jina: folder. Ikitaka pipa la taka inasema user-trash, ikitaka alama ya kunakili inasema edit-copy. Majina haya yamekubaliwa chini ya freedesktop.org, mradi wa kuweka viwango vya pamoja, ndiyo maana mandhari moja inafanya kazi kwenye GNOME, KDE na Xfce, yaani mazingira mbalimbali ya madirisha na menyu za Linux. Mfumo unalitafuta jina kwanza katika mandhari uliyochagua. Likikosekana, unakwenda kwa mzazi aliyetajwa kwenye ule mstari wa kurithi. Likikosekana na huko, unakwenda hicolor, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Programu nyingi unazosakinisha huziweka aikoni zake kwa hicolor, ili hata mandhari yako isipokuwa nazo, usione kiboksi kitupu. Kwa hiyo hicolor haifutwi. Hata ukiifungua ukaona haina folda nzuri wala pipa zuri, iache.

Sasa mahali. Mandhari za watu wote wanaotumia kompyuta hiyo hukaa /usr/share/icons. Za kwako peke yako hukaa ndani ya folda yako ya nyumbani, kwenye .local/share/icons. Ipo pia .icons, ya zamani, nayo bado inasomwa. Kwenye mashine ya kushirikiana, kama hizi za maabara, mimi nashikilia kwamba mtu aweke kwake nyumbani. Hahitaji sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, hagusi kompyuta ya mwenzake, na siku akichoka anafuta folda moja.

Njia rahisi kuliko zote ni ya vifurushi. Kwenye matoleo ya Linux kama Ubuntu, Debian au Mint unafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, unaandika sudo apt install papirus-icon-theme, na apt, programu ya kusakinisha na kuondoa vifurushi, inaziweka /usr/share/icons. Kisha unachagua: kwenye GNOME kwa programu ya Tweaks, kwenye Mint katika Themes, kwenye Xfce katika Appearance. Anayependa terminali wa GNOME ataandika gsettings set org.gnome.desktop.interface icon-theme Papirus. Jina analoandika ni jina la folda, na herufi kubwa na ndogo zinahesabika.

Njia ya pili ni kupakua faili lililobanwa na kulifungua mwenyewe, na hapa ndipo watu hukwama. Ukilifungua, mara nyingi unapata folda ndani ya folda. Mtu anaihamisha ile ya nje kwenye .local/share/icons, anafungua Tweaks, haoni kitu, anadhani mandhari ni mbovu. Kumbe index.theme imekaa ngazi moja chini kuliko inapotakiwa. Sheria yake ni hii: ukiingia .local/share/icons, kisha ukaingia folda ya mandhari, kitu cha kwanza kukutana nacho kiwe index.theme.

Kuna kosa jingine lililonichukua jioni nzima kulielewa. Kijana mmoja alitaka kuokoa bando, akapakua mandhari kwa rafiki yake, akaifungua humo humo kwenye flashi, akaja nayo. Wakati wa kufungua yalitokea maonyo mengi, yeye akabonyeza ruka, ruka, ruka. Alipoiweka, folda zilipendeza, lakini programu nyingi zilibaki na sura za zamani. Sababu ni kwamba ndani ya mandhari kubwa kama Papirus, majina mengi ni viungo vinavyoelekeza kwenye picha moja. Kikokotoo kimoja kina majina kadhaa, kila programu na lake, na picha ni ile ile. Flashi yake ilikuwa FAT32, na FAT32 haijui kuhifadhi viungo vya namna hiyo. Kwa hiyo beba faili likiwa limebanwa, ulifungulie nyumbani kwenye diski ya Linux. Bando utaliokoa vile vile.

Tuje kwenye kuondoa. Kwanza badilisha, ndipo uondoe. Chagua mandhari nyingine, au andika gsettings reset org.gnome.desktop.interface icon-theme, nayo itarudi kwenye ile ya asili ya mfumo wako. Kisha jiulize: iliingia kwa mlango gani? Iliyoingia kwa apt itoke kwa apt. Uliyoiweka kwa mkono, futa folda yake kwa mkono. Kama hukumbuki, andika dpkg -S /usr/share/icons/Papirus. Ikitaja kifurushi, basi ni ya apt, usiiguse kwa rm, ile amri ya kufuta.

Nayasema haya kwa uchungu. Niliwahi kusafisha mashine ya kushirikiana, nikaikuta /usr/share/icons/DMZ-White. Nikaifungua, sikuona aikoni hata moja, nikaifuta. Baada ya kuiwasha upya, kishale cha kipanya tulichokizoea kilikuwa kimepotea, pamekaa kingine kidogo cheusi, na wanafunzi wanasubiri. Vishale hukaa nyumba moja na aikoni, kwenye folda ndogo iitwayo cursors. Apt yenyewe bado iliamini kifurushi kipo, hivyo ilibidi niandike sudo apt install --reinstall dmz-cursor-theme.

Na apt nayo msiifuate mkiwa mmefumba macho. Andikeni sasa hivi apt -s remove adwaita-icon-theme, kifurushi cha aikoni za asili za GNOME. Hiyo -s inaigiza tu, haiondoi chochote. Tazameni orodha ya vitakavyoondoka pamoja nayo. Ndiyo maana nasema orodha isomwe kabla ya kubonyeza Y ya kukubali.

Jambo dogo: ukiongeza picha yako ndani ya mandhari na haionekani, huenda mfumo unasoma kumbukumbu ya zamani, faili la icon-theme.cache. Litengeneze upya kwa gtk-update-icon-cache -f, ukifuatisha njia ya folda.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, dada. Anauliza kwa nini kila kitu kimebadilika ila Firefox. Unatumia Ubuntu 22.04? Basi Firefox yako ni ya snap, aina nyingine ya vifurushi isiyopitia apt. Kwenye faili lake la kuizindua, mstari wa Icon hautaji jina. Unataja njia kamili ya picha iliyo ndani ya /snap. Hakuna mandhari inayoulizwa hapo. Nenda /var/lib/snapd/desktop/applications, nakili firefox_firefox.desktop uipeleke kwenye .local/share/applications ya nyumbani kwako, ifungue, na mstari ule uandike Icon=firefox. Lile la asili liache lilivyo. Ukitaka kurudisha, futa nakala yako. Njoo na kompyuta hapa mbele, tufanye wote waone.