Unga Unapikwa, Haukandwi Mbichi

Mhadhara kwa wazazi na walezi wa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, Tabora

Mwangaluka! Aa, mnaitikia kama mko kwenye foleni ya benki. Haya, twende hivyo hivyo.

Karatasi niliyopewa ina mambo saba ya kutengeneza nyumbani na mtoto mdogo, ya kuchezea na ya kula, na nusu saa ya kuyasema. Nawaambia mapema: yote saba hatutayafikia. La kwanza ndilo linaloharibiwa nyumba hadi nyumba, na sitalipita mbio ili tu karatasi iishe.

La kwanza ni unga wa kuchezea. Yale madonge laini ya rangi yanayouzwa kwenye vikopo, mtoto anafinyanga nyoka, anafinyanga chapati. Mnayatengeneza nyumbani, najua, na mnayatengeneza hivi: unga wa ngano kwenye bakuli, chumvi ya kubahatisha, maji, kanda, mpe mtoto. Dakika tano hazijaisha, donge liko vidoleni, liko kwenye nywele, liko kwenye zulia la watu. Kesho yake linanuka. Keshokutwa lina ukungu. Mzazi anasema vya kienyeji havifai, anarudi dukani. Unga hauna kosa. Haukupikwa.

Kuna sababu mbili za kuupika. Ya kwanza, mtoto wa umri huu anaijua dunia kwa mdomo. Kila kitu kinaonjwa, hata ndala. Na unga wa ngano ni kitu kibichi. Umetoka shambani, umepita mashineni, haujapita motoni. Unaweza kubeba bakteria wa kuharisha, wakiwemo wale wanaoitwa E. coli na salmonela. Weupe wake ndio unaotudanganya. Nyama mbichi hakuna anayempa mtoto achezee, lakini unga mbichi tunampa bakuli zima.

Ya pili ni wanga. Ukikanda unga na maji ya baridi, maji yanabaki yamekaa tu kati ya chembe, yanangoja kidole cha mtu yakifuate. Ukiupika, wanga unavimba na kuyanywa maji, sawasawa na ugali unavyoiva. Maji yaliyokwisha kunywewa hayarudi vidoleni. Basi, hapo ndipo tope linapogeuka donge.

Naona mkono kule, na swali nalijua: "Si tutumie sembe, ipo ndani?" Sembe haifai, mama. Ngano ina gluteni, ile nguvu inayofanya chapati ivutike ukiisukuma. Mahindi hayana. Nyoka wa sembe anakatika vipande vitatu kabla hajapata kichwa. Muhogo je? Ukiupika unapata bada, ule ugali wa muhogo, inavutika na kunata. Ndugu zetu wa Kigoma wataifurahia sana, lakini wataitafutia samaki wao, mgebuka.

Andikeni vipimo. Kikombe chochote cha chai, mradi kiwe kile kile kwa kila kitu. Unga wa ngano kikombe 1. Chumvi nusu kikombe. Maji kikombe 1. Mafuta ya kula kijiko kikubwa 1. Maji ya limau vijiko vikubwa 2, yachujwe, mbegu zisiingie.

Chumvi kwanza. Kama ni ile laini ya pakiti, haina maneno. Kama ni ya mabonge, ya Uvinza au ya kwingine, usiitupe kwenye unga ilivyo. Itabaki punje punje, donge litakwaruza kama msasa, na mtoto mwenye kidonda kidoleni atalia, halafu mtasema hapendi kucheza. Pasha yale maji, yeyusha chumvi mpaka usiione tena, acha yapoe kabisa, ndipo umimine kwenye unga. Nasema yapoe, kwa sababu maji ya moto yakikutana na unga mkavu yanatengeneza mabuja, na mabuja ukishayapata huna pa kuyapeleka.

Unga, maji ya chumvi, mafuta na limau, vyote kwenye sufuria ingali baridi. Koroga mpaka iwe kama uji mwepesi usio na buja hata moja. Ndipo uende jikoni. Makaa yawe machache, yaliyokwisha kushika majivu. Moto mkali unaivisha chini na kuacha juu kubichi. Usiache mwiko. Dakika ya kwanza utadhani nimekudanganya, ni uji tu. Halafu chini patashika, vitatokea vipande kama mtindi uliokatika. Wengi wanaepua hapo, wanasema imeharibika. Haijaharibika! Endelea kugeuza. Baada ya kama dakika tatu hadi tano itajikusanya, itaachia kuta za sufuria na kufuata mwiko. Ibonyeze kwa kidole kilicholowa: isiponata, epua.

Mwaga kwenye sinia, ngoja ipoe kiasi cha mkono wa mtu mzima kuvumilia, ukande dakika mbili tatu. Ikinata, haikuiva, irudishe motoni, usiiongezee unga, maana huo unga unaouongeza ni mbichi na tumerudi tulikotoka. Ikimeguka, imeiva kupita kiasi. Lowesha viganja, kanda tena. Hakuna hatua ya kutupa.

Limau lina kazi gani? Linalainisha donge livutike bila kukatika, na pamoja na chumvi linachelewesha ukungu. Wanaofuata maelezo ya nje wataona pameandikwa unga wa kirimu ya tata, kijiko hiki na hiki, wanazunguka soko zima wanatafuta. Ni asidi tu. Limau ni asidi. Msihangaike.

Sasa yule mzee wa mstari wa mbele tangu nianze ananiangalia vibaya. Babu, nakuelewa. Utaniambia chakula hakichezewi, na mtoto aliyefundishwa kuchezea unga leo kesho atachezea ugali mezani. Shikamoo, babu, na nakujibu. Kikombe kimoja cha unga ni kama chapati tatu. Donge lililopikwa na kufunikwa vizuri linakaa wiki tatu, nne. Chapati tatu kwa mwezi mzima wa mchezo. Na kama roho bado inakusumbua, tumia ule unga ulioingia vidudu. Uchekeche vizuri, kupika kutafanya mengine. Wenye ukungu hapana, huo hauchezewi wala hauliwi wala hapewi kuku. Kuhusu ugali mezani, donge lina kopo lake na mkeka wake. Mtoto wa miaka miwili anajua vizuri sana kipi kinatoka kopo gani; anajua hata simu ya mama ina katuni na ya baba haina.

Rangi. Hapa maduka yamewafunga macho, rangi ziko jikoni. Manjano: kijiko kidogo cha bizari ya manjano, koroga kwenye yale maji. Itadoa nguo, ndiyo. Fua, anika juani, jua litaila. Nyekundu: chemsha konzi ya choya kavu, chuja, maji hayo ndiyo kikombe chako cha maji. Limau linaishika rangi ibaki nyekundu. Ukiweka magadi itageuka kuelekea bluu, na kwa mtoto wa miaka mitatu kuiona ikigeuka ni sinema. Rangi ya chungwa: badala ya mafuta ya kawaida weka mawese, kijiko kile kile, umepata mafuta na rangi kwa mkupuo mmoja. Yana harufu yake, asiyeyapenda aache. Kijani cha mchicha sikishauri. Siku ya kwanza kinavutia, lakini limau linakigeuza kuwa rangi ya maji ya mtaro, na yale majani yanaleta ukungu upesi.

Kuhifadhi: kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Friji si lazima. Kiangazi chetu hiki, Juni mpaka Oktoba, donge likiachwa wazi mchana mmoja linakuwa tofali. Kanda na matone ya maji. Masika ni kinyume chake, chumvi inavuta unyevu wa hewani, unafungua kopo unakuta donge linatoka jasho. Lifute kwa kitambaa kikavu, lirudishe motoni kidogo. Likinuka au likiwa na madoa, tupa, tena mbali na mbwa. Chumvi ile ni nyingi kwa mbwa.

Na kwa mtoto pia ni nyingi, hili lisikieni. Akionja kipande kama punje ya harage, atakitema mwenyewe, kina ukali. Lakini asiachwe peke yake na donge lenye nusu kikombe cha chumvi ndani. Akimeza kipande kikubwa, akaanza kutapika, kiu kali au kulegea, ni kituo cha afya, siyo kungoja asubuhi. Yule ambaye bado anakula kila kitu bila kutema, mpikie donge lisilo na chumvi kabisa, lichezewe siku hiyo hiyo na kutupwa. Ndiyo, hilo halikai. Chagueni.

Kucheza kwenyewe. Msimpe donge zima. Mpe kipande cha ukubwa wa ngumi yake. Mtoto wa mwaka na nusu atachoma kidole, atabinya, atararua. Huo ndio mchezo wake, umekamilika. Wa miaka miwili ataviringisha nyoka chini kwenye sinia. Duara la kuviringisha kati ya viganja viwili linakuja baadaye, karibu na mitatu, kwa sababu mikono inatakiwa kwenda tofauti kwa wakati mmoja. Mzazi anayemnyang'anya na kusema "siyo hivyo, lete nikuoneshe" amejitengenezea yeye mpira, na mtoto kapata somo la kutazama. Jamani! Kama unautaka mpira, chukua kipande chako.

Vifaa: uma, chanuo, kifuniko cha kopo kubwa, jani la muembe. Jani likibonyezwa mgongo wake juu ya donge lililotandazwa, mishipa yote inabaki pale, moja moja. Vizibo vya soda, hapana. Maharage na gololi, hapana. Kipimo ni lile bomba la karatasi ndani ya tishu ya chooni: kinachopita humo kinapita kooni. Dakika kumi zinatosha. Akiondoka, ameondoka, usimwite arudi amalizie.

Saa inasemaje? Nilijua.

Basi twende kwenye kula, mbio mbio. Kitu ambacho mtoto wa miaka miwili anaweza kukipika kweli ni vichapati vya ndizi. Ndizi moja iliyoiva mpaka ganda lina madoa, yai moja, unga vijiko vikubwa vitatu. Sukari hakuna, ndizi inatosha. Kazi ya mtoto ni kuponda ndizi, kwa uma au kwa mkono ulionawa. Yai unavunja wewe, na baada ya yai na unga kuingia hakuna kulamba mwiko, sababu nimeshaisema. Mimina kijiko kimoja kimoja kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, moto mdogo, dakika mbili kila upande. Vikiungua nje na kubaki maji ndani, ni moto. Sukari ya ndizi inaungua haraka. Vikivunjika ukigeuza, umevifanya vikubwa, kipana kuliko kiganja hakigeuziki.

Msimu wa maembe ukifika, barafu. Maembe mawili makubwa, ponda, pitisha kwenye chujio ili nyuzi zibaki, maana haya yetu yana nyuzi za kushonea gunia. Changanya na nusu kikombe cha mtindi. Bila mtindi inaganda kama jiwe. Igandishe kwenye kikombe, kila nusu saa uikoroge kwa uma, mara tatu. Aile kwa kijiko, amekaa. Asile barafu huku anakimbia.

Karanga: hapa ni kwao, najua, na kashata ni tamu. Karanga nzima kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, hapana, inakaba. Isage laini, umpake kidogo kwenye kichapati. Bonge zito la karanga iliyosagwa nalo linaganda kooni, kwa hiyo upake, usimpe kwenye kijiko.

Asali! Karatasi wameiweka ya saba, mngekuwa mmeondoka. Mkoa huu asali tunaiona dawa ya kila kitu, na bibi zangu, sipingi utamu wake. Ila mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 haonjeshwi asali, hata ya kwenye kidole, hata iliyochemshwa, hata safi kabisa ya porini. Inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria wa botulizimu. Tumbo la mkubwa linavimudu, tumbo la mchanga bado, vinaota ndani na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Moto wa jikoni hauviui. Akitimiza mwaka, mpe. Kwa hiyo mkiwa mnapika na kaka yake wa miaka mitatu, na mdogo yuko mgongoni, kijiko cha asali kisipite juu ya bega.

Manyanga ya chupa, gundi ya unga na vipande vya vitenge vya kwa fundi cherehani nimeviacha. Manyanga neno moja tu: jaza theluthi ya chupa, ukijaza yote haitoi sauti, na kizibo kigandishwe kwa gundi kali ya dukani, siyo ya unga.

Jiko liko nje chini ya muembe, makaa yameshashika majivu. Babu, wewe ndiye utaanza na mwiko.