Ndege Atangulie, Mlio Ufuate: Kumwanzisha Mbwa Mchanga wa Nyumbani Katika Uwindaji wa Ndege

Mhadhara kwa wafugaji wa mbwa na wawindaji, Lubumbashi

Jambo yenu, wapapa na wamama, na ninyi vijana mliokuja na mbwa wenu.

Mbwa tunayemzungumzia leo hakuzaliwa katika banda la mwindaji. Ni mbwa wa nyumbani, amekulia ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba, anacheza na watoto, mchana amefungwa, usiku anafunguliwa alinde. Anafikisha miezi mitano, mwenyewe anamwona akikimbiza njiwa uani, anasema huyu ni wa porini. Jumamosi mbwa anapakizwa garini pamoja na bunduki ya kalibre 12. Wanashuka kando ya njia ya Kipushi, kwale wanaruka, bunduki inalia juu ya kichwa chake, na mbwa anakutwa uvunguni mwa gari akitetemeka. Tangu siku hiyo bunduki ikitolewa tu kabatini, yeye anatafuta pa kujificha.

Wapo mbwa wachache wenye woga wa kuzaliwa nao, na hao hujulikana mapema: sufuria ikianguka jikoni hukimbia na hawarudi kuja kuinusa. Walio wengi tumewaogopesha wenyewe, kwa kuweka bunduki mbele na ndege nyuma. Ndege ndiye wa kutangulia, tena kwa miezi, mpaka mbwa akisikia harufu ya bawa asahau yote mengine. Mlio unaletwa baadaye, polepole, kwa mbwa ambaye tayari ana kitu anachokitaka kuliko anavyoogopa kelele.

Sasa tuanze na kuku, maana malupango yetu yamejaa kuku. Mtoto wa mbwa akimkamata kifaranga, anapigwa, na mara nyingi anapigwa kwa kutumia kuku yule yule aliyemuua. Anajifunza somo moja: mnyama mwenye manyoya huleta fimbo. Mwaka unaofuata mnamwingiza kwenye majani, pua yake inamfikisha kwa kwale, naye anageuza kichwa na kupita pembeni kana kwamba hakuna kitu. Watu wanasema hana pua. Pua anayo, ila amekumbuka fimbo. Kumponya mbwa wa namna hiyo ni kazi ndefu kuliko kumfundisha mbwa mpya. Kwa hiyo msimpige kwa ajili ya kuku. Ondoeni nafasi ya kosa: kuku wawe nyuma ya wavu, au mbwa awe kwenye kamba saa ambazo kuku wako nje. Akiwakodolea macho, mwite, na akija mpe kitu kitamu. Hilo linatosha.

Afya nitaipitia haraka, kwa kuwa veterineri wenu atawaeleza zaidi. Chanjo za karé na parvo, magonjwa mawili yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, zinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mbwa afikie wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3. Kabla ya hapo msimtembeze mahali mbwa wasiojulikana wanapopita. Lakini msimfungie ndani kama mfungwa, kwa sababu kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndipo akili yake inapokubali vitu vipya bila hofu. Mbebe mikononi, asikie pikipiki, kinu, malori, soko. Mtoto wa mbwa ambaye hakuwahi kuvuka geti mpaka miezi sita ataogopa hata nyasi zinazotikisika.

Mchezo wa kuleta huanza ukumbini. Chagua korido nyembamba, funga milango, kaa mwisho mmoja, nyuma yako kuwe na kitanda chake. Chukua soksi iliyofungwa fundo, irushe mita mbili. Akiichukua hana pa kwenda ila kurudi kwako au kitandani kwake, na njia zote mbili zinapita mikononi mwako. Akifika usimnyang'anye. Msugue kifuani, mwache aishike kidogo, ndipo umbadilishie na kipande cha ini lililochemshwa, ukubwa wa punje ya haragwe. Mara tatu, basi. Wengi huharibu hapa kwa sababu mtoto wa mbwa anafurahi na wao wanafurahi, wanarusha mara kumi na tano, anachoka, anaiacha soksi katikati ya njia. Sasa amejifunza kwamba kuacha kunawezekana. Soksi ifichwe akiwa bado anaitaka.

Wamama, hapa nawaomba ninyi muwaambie watoto wa nyumbani: mbwa huyu havutwi kitambaa mdomoni, na akiwa na kitu hakimbizwi. Kuvutana kunamfundisha kubana meno, na kukimbizwa kunamfundisha kutoroka na mali. Mbwa anayerudisha kwale akiwa amepondwa mbavu aliharibiwa uani kabla hajaona pori. Tena kati ya miezi 4 na 7 meno yanabadilika na ufizi unauma. Katika kipindi hicho punguzeni kurusha, na kisiwekwe mdomoni kitu kigumu.

Wakati huo huo mfundishe neno moja la kuja na sauti moja ya filimbi. Lugha yoyote inafaa, Kiswahili au Kifaransa, mradi nyumba nzima itumie neno lile lile. Piga filimbi fupi fupi tatu kila unapoweka sahani ya bukari, yaani ugali, chini, na baada ya wiki mbili filimbi itamvuta kutoka popote. Nje mfunge kamba ya nailoni ya mita 10, iburuzike nyuma yake. Ncha ya kamba isiwe na fundo, maana fundo hunasa kwenye vichaka na kumkaba shingo akiwa katika mwendo. Usimwite akiwa amezama katika jambo na wewe huna mkono kwenye kamba. Kila mwito usiotiiwa unamfundisha kwamba mwito ni maneno tu.

Manyoya yanaingia katika mwezi wa nne au wa tano. Kwanza mabawa ya njiwa yaliyofungwa kwenye soksi. Kisha njiwa mzima aliyekufa, aliyepoa, asiye na damu, akiwa amevishwa soksi nyembamba ili manyoya yasimjae mdomoni. Baadaye avuliwe soksi, halafu aje tombo, kisha kwale. Kanga awe wa mwisho kabisa. Kanga mzima anapita kilo moja, na akiwa amejeruhiwa tu hupiga kwa miguu na mabawa. Kwale dume naye ana kipi, yaani mwiba wa mguuni kama wa jogoo. Mtoto wa mbwa akichomwa na ndege wa kwanza katika maisha yake, hatakimbilia wa pili.

Njiwa hai ni mwalimu mzuri kwa anayefuga njiwa wanaojua kurudi bandani. Mtu mmoja ajifiche kwenye nyasi akiwa na njiwa mkononi, mwingine aje na mbwa kwenye kamba, upepo ukiwavumia usoni. Mbwa akiinua pua na kuvuta upande ule, njiwa anaachiwa, anaruka, anarudi nyumbani. Mbwa amejifunza kwamba ile harufu ina mwisho wenye furaha, na hakuna ndege aliyeumia.

Upepo ni jambo ambalo wawindaji wengi wa mji hawalitazami. Ukimwingiza mbwa na upepo mgongoni, ndege wataruka kabla hajawajua, naye ataanza kuwinda kwa macho. Chukua vumbi kidogo, liachie, lione linaelekea wapi, kisha zunguka uingie kutoka upande wa pili hata kama ni mwendo wa nusu saa. Na kumbuka kwamba mbwa anayehema kwa ulimi nje hanusi vizuri. Ndiyo maana kazi ni ya saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa bado na umande, na saa tatu mnatafuta kivuli.

Kwa Katanga majira mazuri ya kuanza ni Mei na Juni. Mvua zimekwisha, radi zimetulia, nyasi zimeanza kulala, na asubuhi ni baridi. Tangu Novemba hadi Aprili nyasi zinamzidi mbwa kimo, kanga wako kwenye kutaga, na ngurumo za radi zinaweza kuungana na mlio wa bunduki katika kichwa cha mbwa mchanga zikawa hofu moja. Kuanzia Julai ni moto wa pori. Msimpitishe kwenye majivu mapya: chini yake kuna makaa, nyayo zinaungua, na vumbi la majivu linaziba pua.

Tumefika kwenye mlio. Mbwa awe anamfukuzia ndege kwa moyo wote, na hilo kwa kawaida ni miezi 7 au zaidi. Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja anabaki na mbwa, mwingine anasimama umbali wa mita 80, akiwa ameshika mbao mbili za kugonganisha. Njiwa anaruka, mbwa anamkimbilia, na pale mbio zilipokolea mbao zinapigwa mara moja. Mtazame mbwa, usimtazame mpiga mbao. Asipogeuza hata sikio, ni vizuri. Siku nyingine sogeeni mpaka mita 60, kisha 40. Ndipo mnarudi nyuma hadi mita 100 na bunduki, mtutu ukielekea upande mwingine, mlio mmoja kwa ndege mmoja, na mnasogea mita 15 au 20 kwa kila siku ya mazoezi. Ikichukua mwezi mzima, ichukue.

Dalili za hofu ni hizi: mkia unashuka, masikio yanalala, anaacha mbio na kumtazama mwenye bunduki, au anarudi kukaa miguuni mwako. Ukiziona, usimkemee, wala usianze kumbembeleza kwa sauti ya huruma, bali mpe mchezo anaoupenda na mrudi nyumbani. Wiki nzima bila mlio wowote, kisha mwanze tena kwa umbali mara mbili ya ule aliouogopea. Na msimpeleke kamwe mahali watu wanapojaribu bunduki ili "azoee". Milio mingi isiyo na ndege humfundisha kitu kimoja tu, kwamba kelele haina maana yoyote ila maumivu ya masikio.

Siku ya kwanza ya kuwinda kweli, mwenye mbwa aache bunduki nyumbani. Ni ngumu kukubali, najua, lakini mikono miwili haiwezi kushika kamba na bunduki kwa pamoja, na macho hayawezi kufuata ndege na mbwa. Rafiki mmoja apige, mmoja tu, na apige ndege aliye juu. Ndege wa chini anaachwa, kwa sababu nyuma yake kuna mbwa anayekimbia. Mtafute kwale, maana yeye hulala kwenye nyasi na kumngoja mbwa. Kanga hukimbia kwa miguu mbele yake, akimfundisha kufukuza bila mpango. Ndege mmoja au wawili wakianguka na mbwa akawagusa, siku imekwisha.

Vibali navyo: sheria ya uwindaji ya nchi yetu, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inamtaka mwindaji awe na kibali. Bunduki ina kibali chake, na ardhi ina chifu au mwenyewe anayeombwa ruhusa. Hifadhi za Upemba na Kundelungu hazina nafasi ya mbwa wala bunduki.

Mfukoni beba maji, lita mbili kwa mbwa mmoja, na koleo la kukatia waya, kwa sababu mitego ya waya imejaa porini. Asinywe kwenye mifereji inayotoka machimboni. Joto la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Akianza kuyumba, ulimi ukawa mwekundu sana na mate mazito, mwagie maji tumboni, mapajani na kwenye nyayo hapo hapo, kabla ya kumpakia garini. Jioni mlaze chali, pitisha vidole katikati ya kila kidole chake, ndani ya masikio na kwapani: mbegu za nyasi zenye ncha huingia kwenye ngozi na kuoza humo. Kupe watolewe siku hiyo hiyo. Ndani ya wiki mbili au tatu akikataa chakula, ufizi ukapauka au mkojo ukawa wa kahawia, ni homa ya kupe, na veterineri anahitajika siku hiyo, si kesho.

Nimeletewa swali kwenye karatasi: mbwa wa miaka mitatu ambaye tayari anaogopa bunduki, je, anaweza kurudi? Wengine hurudi. Bunduki iondoke machoni pake kwa miezi miwili, na kesi yake, yaani mkoba wa kuibebea, isiguswe hata kwa kusafishwa mbele ya mbwa. Katika miezi hiyo awe na njiwa tu, mara mbili kwa wiki. Akishawaka moto kwa njiwa, anza na mbao kwa mita 150. Baadaye kesi ya bunduki ilazwe wazi karibu na sahani yake ya bukari, kila siku, bila mtu kuigusa. Akiendelea kukataa baada ya hayo yote, mwacheni alinde lupango.