Shingo Tatu Baadaye: Gitaa Jeusi la David Gilmour

ZUHURA: Karibuni tena. Leo Baraka amekuja na daftari. Ameandaa masomo ya namna ya kufuatilia historia ya gitaa la zamani lililobadilishwabadilishwa, na gitaa lenyewe ni lile Stratocaster jeusi, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, la David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd. Tukimaliza hilo tunaenda kwa magitaa mengine mawili maarufu, Greeny, kisha Blackie. Lakini Baraka, kabla hujafungua daftari, nina jambo.

BARAKA: Nilijua. Tangu umekaa hapo huna raha.

ZUHURA: Nilipeleka gitaa langu kwa fundi wiki hii anibadilishie freti, vile vyuma vyembamba vya shingoni. Lile lile mnalolisikia hapa kila mara. Fundi akafungua skrubu nne, akatoa shingo, kisha akaniita nije nione. Kwenye kisigino cha shingo kuna mhuri wa tarehe. Ndani ya mwili, pale shingo inapokaa, kuna mwingine. Zimepishana miaka mingi. Na aliyeniuzia aliniapia kuwa kila kitu ni cha kiwandani, halijawahi kuguswa.

BARAKA: Shingo imetoka kwenye gitaa jingine.

ZUHURA: Jingine kabisa. Fundi akaniambia, "Hili si gitaa la zamani, ni vipande." Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo.

BARAKA: Pole, dada. Mimi nisingelisema hivyo.

ZUHURA: Ungesemaje?

BARAKA: Ningesema ni gitaa zuri lenye shingo ya mgeni. Na usinikasirikie, maana hapo ndipo lilipo gitaa la Gilmour. Tuanze mwanzo?

ZUHURA: Anza.

BARAKA: Mei 1970 Pink Floyd wako Marekani kwenye ziara. New Orleans wanaibiwa vyombo, ziara inavunjika. Gilmour anapitia New York, anaingia duka la Manny's, mtaa wa 48, ananunua Stratocaster nyeusi. Mwili wa mti wa alda. Na weusi wenyewe umepakwa juu ya rangi nyingine, ile ya machweo, njano inayokolea kuelekea kahawia ukingoni. Ndiyo maana rangi ikibanduka pembeni unaona kitu kingine chini yake. Juni mwaka huohuo tayari yuko nalo jukwaani kwenye tamasha la Bath, Uingereza.

ZUHURA: Yaani hata weusi wenyewe si wa kwanza.

BARAKA: Hata weusi. Sasa somo la kwanza kwenye daftari: usianze na namba. Watu wakitaka kujua umri wa Fender ya miaka ile hukimbilia namba iliyopigwa kwenye kile kibati cha chuma nyuma, pale shingo inapofungwa. Kibati kinashikwa na skrubu nne tu. Mtu anaweza kukitoa kwenye gitaa moja akakifunga kwenye jingine kabla chai haijapoa. Kwa hiyo namba inakuambia umri wa kibati. Unataka umri wa gitaa? Angalia mihuri ya mbao, angalia solda kama imeguswa, angalia vile vidhibiti vya sauti kwa chini. Vina tarakimu: za mwanzo ni za kiwanda, 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, zinazofuata ni mwaka na wiki. Ukikuta 304 6633, kimetengenezwa wiki ya 33 ya 1966. Maana yake gitaa haliwezi kuwa limekamilika kabla ya hapo, kama kidhibiti hakijabadilishwa.

ZUHURA: Na kwa gitaa ambalo mwenyewe hakuacha kulifungua?

BARAKA: Hapo unahamia kwenye picha, na picha ndizo zinazonifurahisha. Tazama kichwa cha gitaa. Kampuni ya CBS iliinunua Fender Januari 1965, na kabla mwaka haujaisha vichwa vya Stratocaster vikaanza kuwa vikubwa. Gitaa la Gilmour ni la 1969, kwa hiyo lilikuja na kichwa kikubwa na shingo ya mti wa mepo, nyeupenyeupe. Angalia filamu waliyopiga Pompeii Oktoba 1971, kwenye magofu yale, bila watazamaji: kichwa kikubwa, mepo. Halafu 1972 kichwa kinakuwa kidogo na ubao wa vidole unakuwa mweusi. Ni mti wa rozwudi. Shingo ya 1963.

ZUHURA: Kwa hiyo picha isiyo na tarehe, ukiona kichwa tu unajua iko upande gani wa 1972.

BARAKA: Bila kumuuliza mtu. Na 1974 bamba la plastiki la mbele linageuka kutoka jeupe kuwa jeusi, una alama nyingine. Picha yenye rozwudi na bamba jeupe inakaa kati ya 1972 na 1974. Unaona mlango unavyozidi kuwa mwembamba?

ZUHURA: Rudi kwenye shingo.

BARAKA: Nilitaka kwenda kwenye pikapu, vile vifaa vya chini ya nyuzi vinavyonasa mlio.

ZUHURA: Pikapu baadaye. Shingo ya 1963 ilikaa mpaka lini?

BARAKA: Mpaka 1978. Hapo ikaingia ya kampuni ya Charvel, mepo tena. Na baadaye kabisa, ikaja ile iliyokuwepo siku ya mnada, ya Fender, iliyotengenezwa 1983 kwa mfano wa shingo za 1957.

ZUHURA: Kwa hiyo ya kiwandani, ya 1963, ya Charvel, ya 1983. Shingo tatu juu ya ile aliyonunua nayo.

BARAKA: Na hapo sijataja daraja, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini. 1983 walichonga mbao kuingiza tremolo ya Kahler, kifaa chenye mkono wa kutikisa sauti ya nyuzi, baadaye ikatolewa, mbao ikajazwa. Kuna soketi ya waya aina ya XLR iliyotobolewa mwilini, nayo ikazibwa. Kuna kiswichi cha ziada cha kuunganisha pikapu ya shingoni na nyingine, kitu ambacho Stratocaster ya kiwandani haikukuruhusu. Kuna wakati 1973 aliweka pikapu nene ya Gibson, hambaka, akaitoa. Mkono wa tremolo ameukata uwe mfupi. Pikapu ya darajani ikawa ya kampuni ya DiMarzio 1976, halafu ya Seymour Duncan 1979, na hiyo ndiyo...

ZUHURA: Shingo, Baraka.

BARAKA: Umeshikilia shingo leo.

ZUHURA: Nimeshikilia kwa sababu Juni 20, 2019, kwenye mnada wa Christie's New York, gitaa hilo liliuzwa dola 3,975,000. Hakuna gitaa lililokuwa limewahi kufika bei hiyo mnadani. Tajiri Jim Irsay alilinunua, pesa zikaenda kwa ClientEarth, wanasheria wa mazingira. Na lilikuwa na shingo ya 1983. Hakuna aliyesimama ukumbini akasema, hivi ni vipande.

BARAKA: Ningekuwepo ningesimama.

ZUHURA: Baraka!

BARAKA: Nisikilize. Tunalipendea nini gitaa lile? Si mbao. Tunalipendea zile noti nne za mwanzo wa "Shine On You Crazy Diamond", 1975. Zilipigwa kwenye rozwudi ya 1963. Tunalipendea solo ya "Comfortably Numb", 1979. Hiyo ilipigwa kwenye Charvel. Gitaa lililouzwa lilikuwa na shingo iliyochongwa miaka minne baada ya The Wall, albamu yenye solo hiyo, kutoka. Vidole vya Gilmour vya 1975 havijawahi kuigusa. Sasa niambie, mnunuzi alinunua nini?

ZUHURA: Alinunua gitaa jeusi la David Gilmour.

BARAKA: Alinunua mwili wa gitaa jeusi la David Gilmour. Gitaa la umeme linaishi sehemu mbili: pikapu inayosikia uzi, na shingo ambayo mkono unaishi juu yake. Unene wa shingo ndio unaoamua utavuta uzi mpaka wapi, na Gilmour ni mtu wa kuvuta nyuzi. Ukibadilisha shingo, umebadilisha namna ya kupiga.

ZUHURA: Na mimi nakuuliza: yule Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni, aliichora Stratocaster vipi? Alifunga shingo kwa skrubu badala ya kuigundisha kama wengine walivyofanya, makusudi, ikiharibika uitoe uweke nyingine. Tangu 1954 gitaa hili limezaliwa likiwa la kubadilishwa. Huwezi kulilaumu kwa kuwa kile lilichotengenezwa liwe.

BARAKA: Silaumu gitaa. Nasema urahisi wa kuitoa shingo hauifanyi kuwa kitu kidogo.

ZUHURA: Sawa, chukua shingo ya 1963 na ya Charvel, zifunge kwenye miili mipya kabisa. Umepata magitaa mawili ya Gilmour?

BARAKA: Ukinipa niyasikilize nimefumba macho, nayachagua hayo.

ZUHURA: Hujajibu.

BARAKA: Nimejibu. Nayachagua hayo.

ZUHURA: Halafu lile la Bath 1970, lile la Pompeii, lile lililokwenda kukaa ukutani Hard Rock Cafe kuanzia 1986 likarudi 1997, lile alilolipiga Hyde Park 2005 kwenye tamasha la Live 8 walipokutana wote wanne tena baada ya miaka mingi, hilo unaliitaje? Kuna uzi mmoja usiokatika hapo. Kila badiliko tunajua lilifanywa lini, kwa sababu Phil Taylor, fundi wake tangu 1974, aliweka kumbukumbu mpaka akaandika kitabu kizima cha gitaa moja. Kufuatilia historia ndiko huko! Daftari lako lote limesimama juu ya uzi huo. Kama shingo mpya inalifanya gitaa jipya, unafuatilia historia ya nini?

BARAKA: Historia ya vipande, na kila kimoja kina yake. Siogopi neno hilo.

ZUHURA: Mimi linaniuma.

BARAKA: Najua. Lakini ngoja nikupe gitaa ninaloliamini. Tulikuwa twende kwa Greeny.

ZUHURA: Muda?

BARAKA: Umebaki kidogo. Greeny kwa haraka. Gibson Les Paul ya 1959. Mpiga gitaa Peter Green alilinunua London katikati ya miaka ya 1960, akapiga nalo kwenye bendi ya John Mayall, akaanzisha nalo Fleetwood Mac 1967. Alipotoka kwenye bendi hiyo lilikwenda kwa Gary Moore, kijana wakati huo, ambaye aliuza gitaa lake la SG akampa Green alichopata. Moore akakaa nalo mpaka 2006. Tangu 2014 liko kwa Kirk Hammett wa Metallica. Na siri yake ni sumaku. Pikapu ya shingoni sumaku yake imegeuzwa kaskazini kwa kusini. Ukipiga pikapu ile peke yake husikii tofauti. Ukiwasha zote mbili, mawimbi yanapingana, sauti nzito zinafutana, kinabaki kitu chembamba chenye sauti ya puani, kama mtu anayelia ndani ya mtungi. Watu wameiona pikapu ile imewekwa kinyume, skrubu zake zinatazama upande usio wake, wakadhani hiyo ndiyo sababu. Kuigeuza tu hakutoshi. Ni sumaku.

ZUHURA: Na hoja yako?

BARAKA: Kwamba wapigaji watatu, zaidi ya miaka 50, na hakuna aliyeirudisha sumaku. Februari 2020 pale Palladium, London, kwenye onyesho la kumuenzi Green, Hammett alipanda nalo jukwaani. Sauti ni ileile. Hilo ni gitaa moja.

ZUHURA: Kwa sababu lilibahatika kuharibika mahali pazuri! Laiti Green angepata fundi mwenye bidii siku moja, sumaku ingerudishwa kama ilivyotoka kiwandani, na usingekuwa na hoja. Na sitoki hapa bila Blackie.

BARAKA: Zuhura, dakika.

ZUHURA: Sentensi chache. Eric Clapton, 1970, Nashville, duka la Sho-Bud, ananunua Stratocaster sita za zamani. Tatu anawagawia George Harrison, Steve Winwood na Pete Townshend. Tatu zilizobaki anazifungua, anachukua mwili bora, shingo bora, pikapu bora, anaunda moja. Miaka ya 1956 na 1957 imechanganyika humo. 2004 Christie's wakaliuza dola 959,500 kwa ajili ya Crossroads, kituo chake cha kutibu uraibu, Antigua. Lilikuwa vipande siku ya kwanza kabisa ya maisha yake. Hilo si gitaa?

BARAKA: Hilo ni gitaa, kwa sababu baada ya kuundwa shingo ilibaki.

ZUHURA: Yaani kila kitu kinarudi kwenye shingo.

BARAKA: Wewe ndiye uliyenizuia kwenye shingo!

ZUHURA: Na mimi nasema mwenye kulishika ndiye anayelifanya moja. Sibadiliki.

BARAKA: Na mimi sibadiliki. Na masomo sijafika hata nusu. Kulikuwa na la solda, la kulinganisha mikwaruzo ya rangi picha kwa picha, na la nini cha kumuuliza muuzaji kabla hujatoa pesa.

ZUHURA: Hilo la mwisho lisome.

BARAKA: Muda umekwisha, naoneshwa mkono hapa. Kwa ufupi tu: mwombe afungue skrubu nne mbele yako, na akikataa...

ZUHURA: Akikataa ondoka. Tukutane wiki ijayo, na Baraka, njoo na jibu la zile shingo mbili kwenye miili mipya, maana bado hujanipa.