Kabla ya Msasa, Tazameni Sakafu

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na mliowahi kunisikia mnajua kwamba kumi na tano zitaishia sakafuni. Vumilieni.

Kiwanda kikuukuu cha nyuzi kikishapata mnunuzi wa kukigeuza makazi, kila mwenye kamera hukimbilia dohani. Kwani dohani ilifanya nini? Ilitoa moshi, basi! Mimi nikiingia humo nainamisha kichwa.

Sakafu nyingi za viwanda vile ni mbao nene, na mbao hunywa mafuta. Mashine iliyotiwa oili kila siku kwa miaka na miaka, ikiondolewa huacha kivuli chake. Utaona mabaka meusi yamepangana safu kwa safu, na pembeni mwa kila baka matundu ya bolti. Pima, na umeshajua mashine ilikuwa na upana gani. Kisha tazama kichochoro kilichobaki katikati, mbao zimelika kwa nyayo. Kuna jengo nilikuta kichochoro hicho hakifiki hata mita moja, mashine zikizunguka kulia na kushoto! Na karibu na dirisha palikuwa na kibonyeo, upana wake kama sahani. Hapo mtu alisimama akigeukia kisigino kile kile, akaondoka, akaja mwingine, naye akageuka pale pale. Nilipiga magoti nikaingiza kiganja humo. Giza lilikuwa linaingia, nikasema nitakuja kupima Jumatatu. Jumatatu nakuta mashine ya msasa inanguruma, sakafu inang'aa, na msimamizi ananiuliza kama nimeipenda. Nimeipenda!

Najua kuna anayenung'unika pale nyuma: "Mzee, watu watahamia humo, unataka walale kwenye grisi?" Sitaki. Pigeni msasa hata kesho kutwa. Naomba siku mbili tu kabla yake, utepe wa kupimia, chaki, na kamera inayotazama chini. Mwingine atasema michoro ya mhandisi ipo. Mchoro unasema mashine zilikusudiwa kukaa wapi. Sakafu inasema zilikaa wapi. Mara ngapi niseme?

Tena msiniambie "tutalirudisha jengo lilivyokuwa". Lilivyokuwa lini? Chukueni kiwanda cha kitani cha Ditherington, kule Shrewsbury, Uingereza. Charles Bage alikikamilisha mwaka 1797 kwa nguzo na boriti za chuma cha kusubu, kwa kuwa vinu vya mbao vilikuwa vikiteketea. Albion Mills, kinu cha unga cha London, kiliungua mwaka 1791. Hiki cha Ditherington ndilo jengo la kwanza duniani lenye kiunzi cha chuma. Lakini kitani kiliisha mwaka 1886, baadaye likawa la kutengenezea kimea cha shayiri, na madirisha mengi yakazibwa kwa matofali. Sasa yale matofali ni uchafu? Ukiyabomoa yote, miaka ya kimea umeifuta.

Minneapolis, Marekani, kinu cha unga cha Washburn A kililipuliwa na vumbi la unga tarehe 2 Mei 1878, wakafa watu 18. Kilijengwa upya, kikafungwa mwaka 1965, kikaungua mwaka 1991. Mwaka 2003 wakafungua jumba la makumbusho ndani ya magofu yale yale, kuta zikiwa na makovu yake. Inawezekana, kumbe!

Haraka haraka, usalama. Msiingie peke yenu. Palipovuja paa, msiamini mbao. Kanyageni juu ya boriti. Kinyesi cha njiwa kikavu msikifagie, vumbi lake linaharibu mapafu. Vitambaa vilivyofungwa kwenye mabomba ya zamani huenda vina asbesto, nyuzi za madini zenye sumu kwa mapafu, msiviguse.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Na dari sijaigusa: matundu ya mikanda iliyoendesha mashine, vishikio vya vyuma vilivyoizungusha mikanda hiyo, ghorofa ipi iliendesha ipi... Haya, ndugu mwenye kofia, uliza. Ila kama ni la dohani, kaa.