Farasi wa Chaki: Nani Amekuwa Akimsafisha?

Bwana mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wasikilizaji. Habari za majitu na mizimu ya Uingereza kwa kawaida huanza na swali la nani: nani alichora, nani kazikwa pale, nani hutembea usiku. Jioni hii, kuhusu michoro mikubwa iliyochorwa kwenye vilima vya huko, naomba tuulize kwanza nani amekuwa akiisafisha. Nitaeleza kwa nini.

Kusini mwa Uingereza kuna vilima vingi vya chaki, mwamba mweupe laini uliofunikwa na udongo mwembamba na nyasi. Ondoa nyasi na mizizi yake, weupe unatokea, nao huonekana kutoka mbali. Ndipo walipochorwa farasi na majitu ya vilimani. Aliye maarufu kuliko wote ni Farasi Mweupe wa Uffington, Oxfordshire. Ana urefu wa kama mita 110, na mwili wake mzima ni mistari michache iliyopinda. Kichwa chake kina kitu kama mdomo wa ndege, na miguu yake miwili haijaungana na mwili. Aliyemchora alijua alichokuwa akifanya. Hakuna mstari unaoyumba.

Wengi hudhani kwamba nyasi zilichunwa tu. Uchimbaji wa mwaka 1990, uliofanywa na wanaakiolojia wa Oxford wakiongozwa na David Miles na Simon Palmer, ulionyesha kazi nzito zaidi. Mitaro ilichimbwa, kisha ikajazwa chaki iliyopondwa na kushindiliwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Mstari uliochunwa juu juu husombwa na mvua, magugu hushika, na baada ya majira machache unabaki kovu la kijani. Mtaro uliojazwa una akiba chini yake: uso ukichakaa unaongeza chaki mpya, unaponda, unashindilia, na mstari umerudi.

Sasa tutazame jinsi mchoro unavyokufa, maana haufi kwa siku moja. Nyasi huingia kutoka kingo zote mbili, kidogo kila mwaka. Udongo wa upande wa juu huteremka na mvua ukafunika ukingo wa juu, na chaki yenyewe huteleza kuelekea chini. Uso mweupe hushika ukungu na kuvu, ukawa kijivu. Anayekuja kurekebisha anakuta ukingo haueleweki, anakisia, anakata. Akikosea kwa upana wa kiganja, atakayefuata ataanzia kwenye kosa hilo. Hata kwa farasi huyu, anayetunzwa vizuri, vipimo vya miaka ya karibuni vilionyesha kwamba sehemu za kichwa na shingo zilikuwa zimebanwa na nyasi hadi kubaki karibu nusu ya upana wake. Ilibidi nyasi zikatwe upya kwa kufuata picha za kale zilizopigwa kutoka angani.

Kazi ya kila mwaka ni ya mikono, chini ya National Trust, shirika la hifadhi ambalo linamtunza. Wanaojitolea hung'oa magugu, humwaga mabonge ya chaki mpya juu ya mstari, kisha hupiga magoti wakiwa na nyundo na kuyaponda mpaka yawe kama unga mzito unaoshikana na ule wa zamani. Wakiacha mabonge makubwa, baridi ya kipupwe huyapasua na mvua huyasukuma nje ya mstari. Wakiponda vizuri, uso unakuwa mgumu na maji hupita juu yake. Mashine nzito haifai hapo, kwa sababu kingo zitabomoka.

Zamani kazi hii ilikuwa sikukuu. Tuna maandishi tangu karne ya 17 yanayosema kwamba wenyeji wa vijiji vya karibu walikuwa na wajibu wa kumsafisha farasi, na kazi iliandamana na karamu. Karne ya 18 na ya 19 kulikuwa na mieleka, mbio za farasi, na jibini la duara lililoviringishwa kwenye mteremko mkali huku vijana wakilikimbilia. Sikukuu kubwa ya mwisho ilikuwa mwaka 1857. Mimi naamini karamu ile ndiyo iliyomwokoa farasi. Watu hawapandi mlimani na majembe kwa ajili ya historia wasiyoijua, lakini kwa pombe, nyama na mashindano watapanda, na watoto wao pia.

Umri wake ulijulikanaje? Hekaya moja ilisema alichorwa na Mfalme Alfred kusherehekea ushindi wake dhidi ya Wadenmaki mwaka 871. Wengine walimtaja Hengist, kiongozi wa Wasaksoni. Kipimo cha kaboni hakikufaa, kwa sababu chaki haina mkaa wala mfupa wa kutosha. Kilichotumika ni nishati iliyofungwa ndani ya chembe za mchanga. Chembe ya kwatzi, madini ya kawaida ya mchanga, ikiwa juani husafishwa nishati yake yote. Ikifunikwa na udongo, mionzi hafifu ya ardhi na ya anga huijaza tena polepole, mwaka baada ya mwaka. Maabara huichochea kwa mwanga, ikatoa mng'ao, na mng'ao huo hupimwa. Gawanya kiasi cha mionzi kilichofungwa kwa kiasi kinachoingia kila mwaka, unapata idadi ya miaka tangu chembe ilipoliona jua mara ya mwisho.

Hesabu ni nyepesi, uchukuaji wa sampuli ndio mgumu. Bomba lisilopitisha mwanga hupigwa nyundo ndani ya ukuta wa shimo, likazibwa pande zote, na kufunguliwa maabara chini ya taa nyekundu hafifu. Mwanga wa jua ukiingia hata kwa muda mfupi, umri utasomeka mdogo mno. Chembe zikifunikwa kabla hazijapata jua la kutosha, umri utasomeka mkubwa mno. Minyoo na sungura huchanganya tabaka za juu na za chini, na unyevu wa udongo hupunguza mionzi inayofika kwenye chembe, kwa hiyo nao lazima upimwe. Ndiyo maana jibu huja kama kipindi, halina mwaka mmoja. Kwa Uffington, kipindi kilichotangazwa ni kati ya 1380 na 550 KK. Alfred alimkuta farasi akiwa mzee tayari.

Turudi kwenye swali la usafi. Mchoro usiotunzwa hufifia ndani ya miongo michache. Tangu farasi huyu achorwe, Warumi wamekuja na kuondoka, Wasaksoni wamehamia, Wanormani wametawala, lugha ya mahali imebadilika zaidi ya mara moja na dini pia. Kila kizazi kilipata mtu wa kuponda chaki. Kwangu mimi hilo ni ajabu kuliko mzimu wowote.

Jitu la Cerne Abbas, Dorset, lina habari tofauti. Ni mwanamume aliye uchi, urefu wa mita 55, ameshika rungu. Wapo walioapa kwamba ni Herakles, shujaa wa hekaya mwenye rungu, wa enzi za Warumi. Wengine walisema ni kejeli ya karne ya 17 dhidi ya Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza wa wakati huo. Mwaka 2021 National Trust ilitangaza vipimo vya mwanga kutoka tabaka za chini kabisa: kati ya 700 na 1100 BK. Hakuna upande ulioshinda. Kumbukumbu ya maandishi ya kwanza ni ya mwaka 1694, shilingi tatu zilizolipwa na kanisa la kijiji kwa kulikarabati, ilhali upimaji wa ardhi wa mwaka 1617 hautaji jitu lolote. Maelezo ninayoyaona ya kweli zaidi ni kwamba liliachwa likafunikwa na nyasi, kisha likafufuliwa. Ukarabati nao umelibadilisha: michoro ya zamani inaonyesha kitovu, ambacho baadaye kiliunganishwa na uume ulio chini yake, na urefu wake ukaongezeka. Imani kwamba jitu huwajalia watoto watu wasiozaa ilipata nguvu zaidi kutokana na kosa la jembe. Mwaka 2019 lilijazwa tani 17 za chaki mpya, zote kwa mkono.

Jitu Refu la Wilmington, Sussex Mashariki, nitalipitia haraka. Vipande vya chaki vilivyoporomoka chini ya kilima viliwaongoza watafiti mwaka 2003 kulihesabu kuwa la karne ya 16 au ya 17. Leo limezungushiwa matofali ya zege yaliyopakwa rangi nyeupe, suluhisho ambalo silipendi: zege halihitaji kijiji.

Na hekaya zenyewe? Chini ya Uffington kuna kilima kidogo chenye kipara juu, ambapo nyasi hazioti. Wenyeji husema Mtakatifu George alimuua joka pale na damu yake ikaunguza ardhi. Bonde lililo kando huitwa Hori, na inasemwa farasi hushuka usiku wa mbalamwezi kula humo. Kilomita mbili hivi kuelekea magharibi kuna kaburi la mawe liitwalo Karakana ya Wayland, mhunzi wa hekaya za Kisaksoni. Ukimfunga farasi wako hapo na kuacha sarafu juu ya jiwe, ukirudi utamkuta amevalishwa viatu vya chuma. Kaburi lilianzishwa karibu 3590 KK. Jina la mhunzi linaonekana kwenye hati ya mwaka 955. Wasaksoni walikuta mawe yasiyo na mwenyewe, wakayapa mwenyewe. Hekaya zote hizi zimefanya kazi ileile ya karamu, zimewapa watu sababu ya kupanda huko tena.

Pasipokuwa na sababu hiyo, tazameni Tysoe, Warwickshire. Palikuwa na farasi mwekundu aliyechorwa kwenye udongo mwekundu, na wenyeji walimsafisha kila Jumapili ya Matawi. Mashamba yalipozungushiwa ua na kugawiwa wamiliki binafsi, usafishaji ulikoma, jembe likapita. Bonde bado linaitwa Bonde la Farasi Mwekundu. Watafiti wametumia picha za angani kutafuta mahali aliposimama.