Ukuta wa Nje ni wa Nani?

Ndugu zangu wafanyabiashara, hili nimelisema mara nyingi, na nalirudia kwa kuwa bado mnaniletea mikataba mkishaitia sahihi. Ulizeni habari ya bango kabla ya kutoa depoziti!

Kuna mama mmoja hapa Mombasa, fundi wa nguo, chumba chake kiko orofa ya pili. Huko juu hapiti mtu. Mteja hupanda kwa sababu amekiona kibao mlangoni chini. Miaka mitatu kibao kilikaa pale. Asubuhi moja akakuta matundu manne ukutani, vumbi la plasta sakafuni, na kibao kimeegemezwa chini ya ngazi, maandishi yameelekea ukutani. Mwenye jengo anapaka rangi, na mabango hayataki tena. Wateja wakaja, wakatazama, wakarudi wakidhani amehama. Nguo za harusi zikabaki zimetundikwa.

Mtaniuliza, kwani jengo si lake? Ni lake. Aliyekodi chumba hajakodi ukuta wa nje. Mkataba ukisema bango lisiwekwe bila idhini ya maandishi, sharti hilo ni halali. Mwenye jengo anaweza hata kukuchagulia ukubwa na rangi. Lakini haki ya kukataa mwanzoni si haki ya kung'oa katikati. Sheria ya Kenya, Sura ya 301, inamlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Mwenye jengo akitaka kukupunguzia haki uliyokuwa nayo katika upangaji huo, lazima akupe notisi kwa fomu yake maalumu, nayo haianzi kazi kabla ya miezi 2. Ukipinga, peleka shauri kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara (Business Premises Rent Tribunal) kabla tarehe hiyo haijafika. Usikae ukisema tutaongea, tutaongea.

Mwingine ataniambia, "Sisi tulikubaliana kwa mdomo." Sawa, upangaji wa mdomo nao unalindwa. Lakini ruhusa ya bango utaionyesha wapi? Katika simu ya yule mama tulipekua hadi ujumbe aliotumiwa na mwenye jengo mwaka wa kwanza: "Weka tu, lakini lisizidi mlango." Maneno matano, na ndiyo tuliyoyashika.

Stika za vioo nitaziacha, muda umekwisha. Ada ya kaunti ni jambo jingine: katiba imezipa kaunti udhibiti wa matangazo ya nje, kwa hiyo idhini ya mwenye jengo haikuondolei ada, wala risiti ya kaunti haikupi ukuta wa mtu.

Nani amekuja na mkataba wake? Ulete hapa mbele, tutafute kifungu cha mabango.