Milioni hamsini na elfu tatu za samaki

Mwakeye wana Kigoma. Leo nawafundisha kuprogramu, yaani kuiandikia kompyuta maagizo, ila sianzi na kompyuta ni nini, hiyo mlishafundishwa shuleni mpaka mkaichora na mausi yake.

Naanza na kijana mmoja wa hapa Mwanga, simtaji maana ndugu zake wamo humu. Mama yake anauza samaki Kibirizi, dogo akamtengenezea programu kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ijumlishe mauzo. Mama akaingiza dagaa 5000, migebuka 3000, ikatoka 50003000. Milioni hamsini na elfu tatu! Mama kashika kichwa anauliza hizo hela ziko wapi. (Kicheko.) Dogo kaja kwangu mbio, laptopu kaipakata kama mtoto mgonjwa, eti mwalimu Python mbovu. Mbovu? Python ipo tangu 1991, imekuzidi umri wewe na kaka zako wote, ije iharibikie kwenye samaki wa mama yako?

Nikamuuliza mstari wa kwanza unafanya nini. Kimya. Alikopi. Sasa sikilizeni, ukitumia input, amri ya kumwomba mtu achape kitu, chochote mtu atakachochapa Python inakipokea kama maandishi hata kama ni tarakimu tupu, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi kazi yake ni kuunga tu, 5000 inaungwa na 3000 kama mabehewa ya treni ya Tabora. Lazima uivishe int() kwanza ndo iwe namba. Herufi tatu na mabano, basi, na dogo kahangaika siku nne!

Najua kuna mtu anasema moyoni mwalimu umepitwa, siku hizi akili bandia inaandika yenyewe. Haya, ingeandika yenyewe, nani angegundua jumla siyo? Mama! Asiyejua kuprogramu hata kidogo, ila anajua hajauza milioni hamsini. Mwingine ananiambia hana laptopu. Kwani mi nimesema laptopu? Daftari. Andika programu yako humo, chora jedwali, kila jina linalobeba thamani lipe safu yake, pita programu mstari kwa mstari, thamani ikibadilika kata ya zamani andika mpya. Umeme ukikatika we unaendelea tu.

Lupu, yaani kurudia maagizo, na fankisheni, yaani maagizo uliyoyafunga pamoja ukayapa jina, nilitaka nizifikie ila mwenyekiti kashaangalia saa mara tatu, mtapambana nazo wenyewe kwa jedwali hilohilo.

Haya, wewe wa nyuma mwenye kofia. Mstari wa kwanza a = 5. Wa pili b = a. Wa tatu a = 7. b ni ngapi? ... Wangapi wanasema saba? Mnaona sasa. Njooni hapa mbele, na kalamu.